Elfu 48 Nilizochomoa Kwenye Bima

Wenzangu huvishwa pete. Mimi nilikabidhiwa usukani.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Machi 2018, Bagamoyo, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya karakana ya boti, mahali ambapo harufu ya samaki inakufikia hata upepo ukigeuka. Mchumba wangu (siku hizi ni baba watoto, lakini wakati ule hata mahari ilikuwa haijakamilika) alivuta turubai kwa mbwembwe kama yuko jukwaani, nikaona kitu ambacho sikujua nikiite nini. Milango hakuna. Paa hakuna. Matairi ya nyuma manene, taa mbili zimechomoza mbele kama macho ya chura, na rangi ya chungwa kali ambayo nadhani mtu aliyeko Zanzibar angeiona bila darubini.

"Hiki chako," akasema. "Nimekuundia mwenyewe."

Bwana we, nililia! Nililia mpaka vijana wa karakana wakadhani nimeudhika. Miezi 14 alikuwa ananiambia kila wikiendi kwamba ana "kazi Bagamoyo", na mimi, kama mwanamke yeyote mwenye akili timamu, nilishajihakikishia kwamba kazi hiyo inavaa khanga na ina jina. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa bagi.

Kama hujawahi kukiona kigari cha namna hii zaidi ya kwenye sinema, nikueleze kidogo. Bagi ni gari la kuunga. Mwaka 1964 kule California, jamaa mmoja aitwaye Bruce Meyers, aliyejifunza kufinyanga faiba kwenye kazi za boti, aliunda bodi nyepesi ya kutembelea mchangani akitumia vifaa vya Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo kama kobe. Baadaye akawa anauza bodi kama seti, mnunuzi anakwenda kumalizia mwenyewe uani kwake. Beetle inafaa kwa mchezo huo kwa sababu bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma. Ukifungua bolti unabaki na sakafu, usukani, magurudumu manne na injini nyuma inayopozwa kwa upepo, haina hata rejeta. Unaikata sakafu ifupike kwa zaidi ya sentimita 30, unaiunga tena, unaweka bodi mpya juu. Umemaliza.

Ya kwetu ilitoka sehemu tatu. Bodi iliachwa na mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni ufukweni, alipoondoka hakuna aliyejua aifanyie nini, kuku wakawa wanatagia ndani. Sakafu ilikuwa ya Beetle ya mwalimu mstaafu wa Kiromo. Injini ilitoka kwenye Kombi iliyokufa, ikanunuliwa Gerezani. Aliyeunganisha yote hayo ni mzee fundi wa boti ambaye maisha yake yote alikuwa anaziba matundu ya faiba, na aliponiona nalia alicheka akasema hili nalo ni boti tu, ila usiliingize majini.

Mimi nilikuwa na miaka 26 na leseni ya wiki sita. Nilishahangaika na lena, nikasoma, nikapimwa na trafiki, nikapata daraja D yangu halali. Lakini kuendesha gari peke yangu, bila mwalimu pembeni mwenye breki yake ya akiba? Bado. Basi nikakaa kwenye kiti, nikafunga mkanda, nikaona nimekuwa malkia wa pwani nzima kutoka Kunduchi hadi Saadani.

Kabla hatujaachana jioni ile akanipa bahasha. "Ina laki moja na kumi na nane. Kalipie bima Jumatatu, usiitoe barabarani bila bima." Akanisisitiza mara mbili.

Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Hiyo 118,000 hakuiokota hewani. Ndiyo iliyokuwa bei ya chini ya bima ya mtu wa tatu kwa gari dogo la binafsi hapa kwetu wakati ule: laki moja, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Bima ya mtu wa tatu, kama jina lenyewe, haikulipi wewe. Ukigonga mti, shauri yako na mti. Inamlipa yule uliyemgonga, na ndiyo maana sheria (Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169) inakulazimisha uwe nayo, utake usitake. Mimi wakati huo sikuijua Sura ya 169 wala ya 170. Mwaka mmoja nyuma, katika bajeti ya 2017, Serikali ilifuta ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, na kichwani mwangu mimi nilikuwa nimechanganya yote: stika ni stika, moja imeshafutwa, na hii nyingine iko njiani kufutwa.

Jumatatu nikaenda. Sikufika ofisini. Nje ya jengo nikakutana na kaka mmoja nadhifu, shati limenyooshwa, faili kwapani. Kishoka. Wewe unawajua. Nikamweleza gari langu ni la namna gani, akatikisa kichwa kwa huruma kama daktari. "Dada, hilo gari halina jina kwenye kompyuta zao. Ukiingia humo watakuuliza maswali mpaka uzeeke. Halafu leseni yako ina muda gani? Wiki sita! Basi hapo watakupandishia." Kisha akanong'ona kwamba yeye anaweza kunisaidia. Elfu 70, dakika kumi.

Nikampa elfu 70. Dakika kumi baadaye nilikuwa na stika inayong'aa, jina la kampuni juu, mhuri, kila kitu. Mkononi nilibakiwa na elfu 48.

Na elfu 48 nilizifanyia nini? Nilisuka. Rafiki yangu alikuwa na sendofu Ijumaa ile, mimi nikiwa mpambe, na nywele zangu zilikuwa na hali ambayo sitaki kuieleza kwenye gazeti lenye picha. Elfu 35 za rasta, nyingine zikaishia kwenye chipsi kuku na juisi mimi na shoga zangu. Mchumba aliponiona alisema nimependeza. Nikamwambia asante mpenzi. Stika ikabandikwa kwenye kioo cha mbele na hakuna aliyeuliza tena.

Mei ilikuja na masika yake. Jumapili moja tulikuwa tunarudi Dar, mimi nimeshika usukani, yeye pembeni amejifunika turubai dogo la plastiki kwa sababu, kama nilivyokwambia, paa hakuna. Mvua ilikuwa imekatika lakini lami inang'aa. Barabara ile unaijua: ukitoka Bagamoyo unapita Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, ndipo uingie Bunju, na kote huko watu wanatembea, wanauza, wanavuka. Pale Kerege kijana wa miaka 17 alikuwa mbele yetu na baiskeli iliyobeba madafu nyuma. Akakata kulia ghafla kukwepa dimbwi.

Nilikanyaga breki. Bagi letu lilikuwa na breki za zamani za ngoma, na zikilowa zinafikiria kwanza kabla ya kushika. Dereva mzoefu angejua, angekuwa amezipasha kidogokidogo tangu Zinga, na angekuwa na mwendo mdogo zaidi. Mimi nilikuwa na leseni ya miezi mitatu na rasta mpya. Tukamgonga gurudumu la nyuma. Sauti ya madafu yakidondoka mmoja baada ya jingine naisikia mpaka leo.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Alikuwa hai, anaongea, anauliza baiskeli yake iko wapi.

Sitaki kukueleza saa zile za kwanza, PF3, hospitali, mama yake kufika na khanga moja begani. Nitaruka mpaka Jumatatu asubuhi, kituoni. Askari aliyekuwa na jalada letu hakuwa mkali hata kidogo. Aliomba kadi ya gari, leseni, na hati ya bima. Akaitazama stika, akapiga simu kwenye kampuni iliyoandikwa juu yake, akawasomea namba. Akasikiliza. Akaandika kitu. Kisha akamgeukia mchumba wangu, siyo mimi, akasema kwa upole: "Kaka, hii namba wanasema ni ya lori."

Mchumba wangu akacheka, maana alijua ni makosa ya simu. Alinigeukia ili tucheke wote.

Wewe uliyeko kwenye uhusiano wa muda mrefu unaujua uso wa mwenzako anapoelewa jambo. Hausemi kitu. Unabadilika tu, kama taa imezimwa chumba cha ndani. Nikamweleza palepale kwenye benchi, mbele ya watu wasiotuhusu: kishoka, elfu 70, rasta, chipsi. Aliuliza swali moja tu.

"Elfu 48?"

Siku nne hakupokea simu zangu.

Siku ya tano alikuja nyumbani, akakaa ukumbini, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kurudisha mahari. Badala yake akatoa kadi ya gari akaiweka mezani. "Isome," akasema. Nikaisoma. Mmiliki: yule mwalimu mstaafu wa Kiromo. Aina ya gari: Volkswagen, milango miwili. Rangi: nyeupe. Namba ya injini: ya injini ambayo ilishauzwa chuma chakavu kabla mimi sijaliona hilo bagi.

Yaani hata kama ningeingia ofisini siku ile na kulipa 118,000 zote, ningekuwa nimelikatia bima gari jeupe ambalo halipo tena duniani. Alijua. Aliona usumbufu wa kwenda TRA na kwa wakaguzi ungemharibia siku ya kunishtukiza, akasema nitafanya baadaye. Mimi nilichomoa elfu 48, yeye alichomoa gari zima. Tulitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile mmoja wetu akacheka. Siyo kicheko cha furaha, lakini kilisaidia.

Gharama zikaja kwetu moja kwa moja. Matibabu ya kijana, chakula cha mama yake siku zote alizokaa naye Dar, baiskeli mpya, madafu, na kipato alichokuwa analeta nyumbani kwa miezi aliyokaa na plasta. Tulifika milioni 2.3, mbali na faini niliyotozwa na kuistahili. Akiba yetu ya harusi ilikuwa milioni 6. Kamati ilipewa taarifa kwamba ukumbi umefutwa, bendi imefutwa, na keki itakuwa ya ghorofa moja. Mama mkwe alinipigia simu akiniuliza kulikoni. Nikamweleza ukweli, wote, na rasta nikazitaja. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, angalau ulisuka vizuri?" Tangu siku hiyo nampenda mama yule kuliko maelezo.

Ndipo tukaanza kufanya mambo kwa mpangilio uliotakiwa, na hapa naomba unisikilize kama na wewe una mwenza anayekusanya vyuma uani.

Kwanza makaratasi. Mwalimu mstaafu alitusainia mkataba wa mauziano, tukahamisha umiliki TRA na kulipa ada na ushuru wa stempu. Halafu bagi likapelekwa kwa mkaguzi wa magari wa polisi. Huyu baba alilizunguka mara tatu bila kusema neno, akalala chini na tochi, akauliza namba ya chasisi iko wapi. Kwenye Beetle imegongwa kwenye handaki la chuma la katikati, kule chini ya kiti cha nyuma, na namshukuru mzee fundi wa boti kwamba alipokata sakafu alikata mbele ya namba, hakuigusa. Ingekuwa imepotea, sijui tungemweleza nini. Mkaguzi akatukataa. Breki. Akasema hatasaini mpaka zibadilishwe, na taa ya nyuma ya kulia iwake sawasawa. Siwezi kukueleza nilivyofurahi kukataliwa. Tuliporudi mara ya pili akapitisha, na TRA wakabadilisha kadi: rangi ya chungwa, injini yenye namba halisi, bodi ya wazi. Zoezi zima lilikula kama wiki tano za kwenda na kurudi.

Baada ya hapo, bima. Wakati wa baba yangu mambo yalikuwa rahisi, ulikwenda Shirika la Bima la Taifa ukamaliza, kwa sababu baada ya bima kutaifishwa mwaka 1967 hapakuwa na pengine pa kwenda. Sheria ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa makampuni binafsi. Sisi tulikuwa na uchaguzi mpaka tukachanganyikiwa. Ofisi ya kwanza dada wa mapokezi alitazama picha akaita wenzake waje waone. Ofisi ya pili waliuliza, "Gari la kuunga? Tanzania?" Mwenzangu kidogo apandwe na hasira, akawahutubia kwamba Kibaha hapo, Mkoa wa Pwani huuhuu, Watanzania waliunda lori zima likaitwa Nyumbu, na Wakenya nao mwaka 1990 walitoa gari lao la Nyayo Pioneer. Yule kaka akasema sawa, lakini kwenye fomu yake hakuna Nyumbu. Ofisi ya tatu ndiyo iliyoelewa. Ya mtu wa tatu, wakasema, haina tatizo lolote: kadi ikilingana na gari, na ukaguzi upo, ni 118,000 ileile. Umri wangu? Leseni changa? Bei haibadiliki.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kumbe ile habari ya "watakupandishia" ilikuwa ya kunitisha tu.

Kwa wenzetu ni tofauti. Nina binamu yangu yuko Uingereza, naye ni mgonjwa wa magari, na nilipomsimulia alicheka mpaka simu ikakatika. Kule bima ya dereva kijana inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe, kwa sababu wanakupima wewe: umri, mtaa unaoishi, una leseni tangu lini. Gari la kuunga lazima lipite ukaguzi maalumu wa gari mojamoja kabla halijasajiliwa, na kama haieleweki vifaa vyake ni vya mwaka gani, linapewa namba inayoanza na herufi Q. Vijana wanaotaka nafuu wanakwenda kwa kampuni zinazoyajua magari hayo, wanakubali kuendesha kilomita chache kwa mwaka, au wanafungiwa kifaa kinachoripoti wanavyokanyaga breki. Na wapo wanaoandikisha gari kwa jina la baba, eti ndiye dereva mkuu, wakati baba hata kulikalia hajalikalia. Binamu akasema huo ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni inaweza kukataa madai. Nikamwambia binamu, usijali, sisi huku tumefanya zaidi ya hapo.

Kwetu ujana wako unakuja kudaiwa mlango wa nyuma. Tulipouliza bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari lako, tukaonyeshwa mambo mawili. Moja, bei yake inatokana na thamani ya gari, kwa gari la binafsi kuanzia asilimia 3.5 na VAT juu yake. Mbili, kwenye mkataba waliotupa kulikuwa na kifungu kwamba kama aliyekuwa anaendesha ana leseni isiyotimiza miaka miwili, kiasi cha kuchangia mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti kinaongezeka. Kwa bampa iliyopasuka ungejikuta unalipa yote mwenyewe. Kifungu hicho kiko ukurasa wa ndani, kwa maandishi madogo. Kitafute.

Halafu ukaja ugomvi wa thamani, na huu ulikuwa mkubwa kuliko ule wa rasta.

Niliandika kwenye fomu milioni 8. Ndiyo hesabu ya risiti zote, bodi, sakafu, injini, rangi, breki mpya, malipo ya mzee fundi. Mwenzangu akachukua kalamu akaikata, akaandika 15. Nikamuuliza hiyo saba nyingine ni ya nini. Akasema, "Miezi 14." Nikamwambia kampuni hailipi miezi. Akaondoka mezani. Baadaye nilimkuta amekaa ndani ya bagi gizani, na hapo nikaelewa kwamba kwa upande wake nilikuwa nimemwambia zawadi yake ni vyuma vya milioni nane.

Lakini hesabu ni hesabu. Kwa milioni 15 tungelipa 525,000, na VAT inafika 619,500. Kwa milioni 8 ni 280,000, na VAT inakuwa 330,400. Na uongo wa thamani haukupi kitu: likiteketea, mthamini wao atakuja na hesabu ya soko, atakulipa kwa hiyo, na zile ulizozidisha umewapa sadaka. Ukipunguza nako unaumia, maana wanaweza kukulipa sehemu tu ya hasara. Kwa gari ambalo halina soko, dada wa bima alitushauri jambo jema sana: tumlete mthamini kabla, tuweke picha na risiti kwenye faili lao, thamani ikubaliwe na pande zote mbili tangu mwanzo. Mthamini akaja Bagamoyo, akaligonga faiba kwa vidole kama anayechagua tikiti maji, akaandika milioni 8 na laki mbili. Nilijitahidi nisitabasamu.

Mwisho hatukuchukua bima kubwa. Siyo mwaka ule. Tulichukua ya mtu wa tatu, 118,000, safari hii tukaingia ofisini wote wawili na kwenye nafasi ya madereva tukaandika majina yote mawili na tarehe halisi za leseni. Tofauti ya ile bima kubwa, 212,400, tukaiweka kwenye kibubu cha simu kwa masharti kwamba ni ya kuziba faiba tu. Nikijikwaruza kwenye nguzo, kibubu. Nikimgonga mtu, kampuni. Tukakubaliana pia siendeshi mvua ikinyesha wala usiku mpaka leseni itimize miaka miwili, na hilo halikuandikwa popote ila nililitimiza. Mwaka 2020 ndipo tukahamia kwenye bima kubwa, kwa thamani ya mthamini. Kibubu kilikuwa hakijaguswa hata mara moja, tukakinunulia kitanda cha mtoto.

Harusi? Ilifanyika Desemba 2018 Bagamoyo, watu 60, chini ya miembe, wali samaki na keki ya ghorofa moja. Tuliondoka na bagi. Kijana wa Kerege alikuja na mama yake, magongo ameshayaacha, na ndiye aliyelifunga puto nyuma. Aliliangalia sana lile bampa.

Siku hizi stika za karatasi zimeshaachwa. Bima ni ya kielektroniki, trafiki anaandika namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA na kila kitu kinajitokeza, na wewe raia unaweza kujihakikishia kwa simu yako kabla hujaondoka ofisini. Kishoka wangu sijui anauza nini sasa.

Kijana naye amekuwa mtu mzima, ana bodaboda yake mwenyewe, kijiwe chake kipo palepale Kerege. Tukipita lazima tusimame, madafu ni lazima. Mwezi uliopita nilisimama peke yangu, mume wangu amebaki nyumbani na watoto. Akaja na dafu mkono mmoja na simu mkono mwingine.

"Shikamoo dada. Ya mwaka huu umeshalipa?"

"Marahaba. Nimelipa."

"Ngoja," akasema, akazunguka mbele ya bagi, akainama, akaanza kuandika namba herufi kwa herufi. Mtandao wa pale unajikongoja. Tukasubiri wote wawili tukiangalia simu, dafu langu bado halijakatwa.

"Eeh, ipo," akasema. "Mpaka Machi."

Ndipo akalikata.